Robo Isiyoliwa

Swali nililolipeleka Bwera, mpakani na Kongo, lilihusu mizizi ya muhogo. Jibu lilitokea kwenye miguu ya mzee Yeseri. Nitalieleza tarehe kwa tarehe, kama lilivyonijia, kwa sababu nimeshasikia habari hii ikisimuliwa mara mbili na mizimu ndani yake. Mimi sikuona mzimu.

Jina langu ni Odoch. Baba yangu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya saruji Hima, nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi, ambako Kiswahili ndiyo lugha pekee iliyowakutanisha majirani wote. Nina stashahada ya kilimo. Mwaka 2019 nilikuwa nafanya kazi katika mradi mdogo wenye ofisi Kasese mjini, chini ya Bi Kobusingye, na kazi yangu ilikuwa kujua ni majani mangapi ya muhogo ambayo familia inaweza kuchuma kwa mboga ya sombe bila kuipunja mizizi. Katika mwaka wa mvua jambo hili si gumu. Mti ukinyang'anywa nusu ya majani yake hutoa mengine, na siku ya kuvuna huwezi kuutofautisha na jirani yake. Tulitaka kujua mti hufanya nini ukinyang'anywa majani na maji kwa pamoja.

Shamba lilikuwa la mama Ithungu, mke wa mzee Yeseri, kwenye mteremko ulio juu ya mto Lhubiriha. Ukisimama hapo unaona mapaa ya mabati ya Kongo. Muhogo ulikuwa na umri wa miezi tisa, aina tamu aliyoachiwa na mama mkwe wake, ambayo kwa miaka thelathini haikuwahi kumuumiza mtu. Nililigawa shamba kwa kamba ya katani katika robo nne, miti thelathini na sita kila robo. Robo ya kwanza ilipata maji na haikukatwa. Ya pili ilipata maji na ilikatwa. Ya tatu haikupata maji na haikukatwa. Ya nne haikupata maji na ilikatwa. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha katikati ya Desemba, kwa hiyo sikuhitaji kuizuia.

Jumatatu, tarehe 7 Januari, nilikata kila jani la pili kwa mkasi, kuanzia chini. Baada ya hapo, kila Jumatatu ya pili, nilirudi kuondoa chochote kilichoota, ili mti ubaki na nusu yake. Mara mbili kwa wiki nilimwagilia robo mbili za kwanza, lita nne kila mti. Hayo ni madumu kumi na manne na kidogo, niliyoyapandisha kutoka mtoni kwa baiskeli.

Mama Ithungu alikuwa ametoa shamba kwa sharti la nyumba yake. Kilichokatwa shambani mwake hakitupwi na hakitoki nje. Kinapita jikoni, na aliyekata ndiye anayeanza kula.

"Mama mkwe alikuwa hapana cheza na hiyo," aliniambia. "Mutu akikata sombe, anakaa hapa kwa mkeka, anaonja. Akishaonja, sisi wengine tunakula."

"Mama, mimi nitakuachia majani yote," nilisema. "Lakini kuonja hapana. Haya ni sampuli. Mtu wa kazi yangu hali sampuli."

"Basi iko mboga ya kwetu na sampuli ya kwako."

"Ndiyo."

"Kwa sufuria moja?"

Mzee Yeseri alicheka kwenye kiti chake. "Mwache daktari wa majani. Ile suruali yake haiwezi kukaa kwa mkeka."

Nilibaki na jina hilo, daktari wa majani. Mama Ithungu hakulirudia lile sharti, nami nikaandika katika daftari: majani yaliyokatwa, matumizi ya nyumba. Nilitenganisha vikapu viwili, cha robo ya pili na cha robo ya nne, kwa ajili ya kupima uzito tu.

Lazima niseme kuhusu miguu ya mzee Yeseri. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili. Alikuwa amefanya kazi katika mgodi wa shaba huko Kilembe, na mgodi ulipofungwa alirudi Bwera kwa miguu siku mbili, kitanda cha chuma mgongoni. Kitanda hicho bado walikuwa wanakilalia. Kila siku isipokuwa Jumapili alitembea hadi soko la mpakani na kurudi, hata kama hana cha kununua, na Jumapili alitembea kwenda kanisani mbele ya mke wake kwa hatua kama mia moja, kisha anamsubiri langoni akijifanya amechoka kungoja. Meno yalikuwa yamemwisha, macho yalikuwa yanamwisha. "Miguu ndiyo nimebaki nayo," alisema. "Hii ikienda, Ithungu, unifungie kwa kamba kama mbuzi ya Masereka." Masereka alikuwa jirani yao.

Januari yote robo mbili za maji zilifanya nilichotarajia. Katika robo ya pili mti uliokatwa ulitoa utomvu mweupe, na siku ya tisa vichipukizi vilikuwa vimejaa. Nzi weupe walikuwepo, panzi walikuwepo, kiwavi mmoja mmoja. Mti ulikuwa unaliwa na unalipa.

Robo ya nne haikufanya kitu. Nilitarajia inyauke, haikunyauka. Majani yaliyobaki yalijikunja na kuning'inia sambamba na shina, kama mikono iliyoshushwa, na penye mkato pakabaki pasafi, bila utomvu, bila kovu la kahawia. Wiki nne baadaye ungedhani nimekata asubuhi ileile. Kwa mmea hili lina maelezo. Mti wenye kiu hufunga vinyweleo vya majani, hukwepa jua, husimamisha ukuaji. Niliandika hivyo.

Mama Ithungu ndiye aliyegundua jambo la sauti. Nilikuwa naye kati ya robo ya pili na ya nne, upepo unatoka upande wa Kongo, na alinishika mkono wa shati.

"Sikiliza," alisema.

Nilisikiliza. Nyuma yetu majani yalikuwa yanasuguana, ile sauti ya mvua ndogo ambayo muhogo unaifanya. Mbele yetu hapakuwa na kitu.

"Hii iko inanyamaza," alisema. "Ile ingine inaongea, hii inanyamaza. Kwa nini?"

"Majani yamejishusha, mama. Upepo hauna cha kushika."

"Sawa." Aliuachia mkono wangu. "Lakini mutu akinyamaza hivi nyumbani kwangu, mimi naficha kisu."

Tarehe 18 Februari vichipukizi vilitokea robo ya nne. Vilikuwa vidogo, vimebana, rangi ya zambarau iliyokolea kuliko nilivyozoea. Nilifurahi, kwa kiasi ambacho kazi inaruhusu: mti usio na maji ulikuwa umepata mahali fulani nguvu ya kurudisha ulichopoteza. Niliviondoa vyote kama ratiba ilivyotaka, nikavipima, nikaviweka kwenye kikapu chake. Vilikuwa laini mno. Mama Ithungu alivishika kati ya vidole viwili.

"Hii iko ya mzee," alisema. "Meno hana."

Tangu siku hiyo vikapu viwili vikawa na njia mbili. Majani makubwa ya robo ya pili yalikwenda kwa wageni, kwa mchungaji, kwa wanawake wa kanisa waliokuja kusali. Vichipukizi vya robo ya nne alipikiwa mzee. Samaki mkavu wa Hamukungu, ambaye kila Jumanne alikuwa akifika sokoni, hakuonekana tena mwezi huo, na maharage yalikuwa yameungua shambani kabla ya kutoa maua. Mzee alikula sombe na bundu, ugali wa muhogo, mchana na jioni. Unga ulitoka kwenye miti ya pembeni ya robo ya nne, mstari wa nje ambao niliukata kama mingine lakini sikuuhesabu. Mizizi yake nilikuwa nimewaruhusu waing'oe.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuhesabu wadudu, miti kumi katika kila robo, kuanzia saa moja asubuhi. Tarehe 28 Februari safu ya robo ya nne ilikuwa sifuri kumi. Tarehe 7 Machi, sifuri kumi, na tarehe 14 vivyo hivyo. Nililala chali chini ya miti kutazama upande wa chini wa majani. Hapakuwa na nzi mweupe, hapakuwa na utando, hapakuwa na tundu hata moja la kutafunwa. Robo ya tatu, ambayo nayo haikupata maji, ilikuwa na wadudu wachache. Robo ya pili ilijaa. Panzi wa robo ya pili waliruka hadi kwenye kamba ya katani, wakatua juu yake, wakageuka.

Nilituma takwimu Kasese. Bi Kobusingye alipiga simu.

"Odoch, sifuri thelathini mfululizo. Ulikuwa unahesabu au ulikuwa unasinzia?"

"Nilihesabu, Bi. Nilirudia."

"Wadudu wote wa Bwera wamehama robo moja tu?"

"Hawajahama. Hawaingii."

"Andika kama ulivyoona," alisema. "Labda umepata mti unaojilinda. Itakuwa habari njema."

Niliandika: kinga dhidi ya wadudu, yapendeza, ifuatiliwe. Maneno hayo bado yapo, kwa mwandiko wangu, chini ya tarehe 21 Machi.

Mvua za Machi hazikuja Machi. Mbuzi walikuwa wanakula magunia. Masereka alikuja na mbuzi wake sita kuniomba awapitishe juu ya shamba kwenda kwenye majani ya mtoni. Nilijiweka mbele ya robo ya nne na fimbo, maana ndiyo ilikuwa karibu na njia. Fimbo haikuwa na kazi. Mbuzi walitembea kando ya kamba, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa vimegeukia upande wa pili, mpaka kona, wakakunja kona, wakaendelea. Walipofika robo ya pili ikabidi tuwatoe kwa mateke.

Masereka alisimama akikuna shingo. "Huyu mweupe," alisema, "alikula cheti cha ubatizo cha mama yangu. Alikula kamba ya kengele ya kanisa, Pasaka watu wakaitwa kwa kupiga sufuria. Sasa hii hataki." Alichuma kichipukizi kimoja, akakinusa, akamnyooshea mbuzi mweupe. Mbuzi alirudi nyuma hatua mbili na kukaa kitako, jambo ambalo mbuzi hafanyi. "Daktari, umeweka nini hapa?"

"Sijaweka kitu. Hata maji sijaweka."

"Labda iko ndio hiyo," alisema.

Siku hiyo hiyo nilimkuta mzee Yeseri amekaa mlangoni saa sita mchana, kofia mkononi. Hakuwa amekwenda sokoni.

"Kichwa kinashuka," alisema. "Kama lifti ya mgodi. Nikishakula, kinashuka mpaka chini, kinakaa huko saa moja, kinapanda."

"Umekunywa maji ya kutosha, mzee?"

"Maji?" Alicheka. "Maji yote unakunywesha miti."

Mama Ithungu alikuwa jikoni, nami nikamuuliza anapikaje sombe, kwa sababu ya kujaza muda tu. Alinionyesha. Anatwanga kidogo, anachemsha mara moja, anaacha maji yakauke humo humo. Zamani, alisema, alikuwa anamwaga maji ya kwanza, yale ya kijani, na kuchemsha tena kwa maji mengine. Na mizizi alikuwa akiiloweka siku tatu kabla ya kuianika, kwa mazoea ya mama mkwe, ingawa ni mitamu. Mwaka huu maji ni ya kubeba kichwani kutoka mtoni. Hamwagi, haloweki.

"Na mzee, anasemaje kuhusu ladha?"

"Huyu?" alisema. "Mwanaume aliyeoa miaka makumi ine hawezi kusema mboga iko chungu."

"Iko chungu kidogo," alisema mzee kutoka mlangoni. "Nilifikiri ni wewe umenikasirikia."

Kisha mama Ithungu aliniuliza jambo moja, bila ukali, akiwa anafuta mikono. "Daktari, yale maji unamwagia robo zako. Hayawezi kupita jikoni kwanza?"

Nilimjibu kwamba maji yaliyopita jikoni yana chumvi na mafuta, na yangeharibu jaribio. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Nilipanda baiskeli nikaenda mtoni kuleta madumu kumi na manne.

Katika sanduku langu, nililoliweka uani kwao, chini ya mizani, kulikuwa na chupa ndogo ishirini na nne na karatasi za njano. Unaweka kipande cha jani au cha mzizi ndani ya chupa, unakiponda, unaning'iniza karatasi juu yake, unafunga. Baada ya siku nzima, kama ile sumu ya muhogo imo, karatasi imegeuka: kahawia nyepesi kama imo kidogo, kahawia nzito ikielekea nyekundu kama imo nyingi. Ratiba ilisema karatasi zitumike kwenye mizizi, wakati wa kuvuna, mwezi Mei. Zilikaa sandukuni tangu Januari, hatua kumi na tano kutoka jikoni kwa mama Ithungu.

Sasa najua kilichokuwa kinatendeka, na wala si siri. Mti wenye maji ukiliwa jani unatoa jani. Hauna sababu ya kugombana na panzi. Mti usio na maji hauwezi kulipa hasara namna hiyo. Kila jani jipya unalolitoa limetoka kwenye akiba ya mwisho, na unachoweza ni kulilinda tu. Sumu ambayo katika mwaka mzuri ni kidogo hata ulimi hauioni hukusanyika katika vile vichipukizi, na ukavu nao huizidisha mizizini. Nilikata, ukaota kwa uchungu zaidi. Nikakata tena. Kila Jumatatu ya pili nilikuwa naufundisha.

Alhamisi, tarehe 4 Aprili, baada ya sifuri nyingine kumi, nilifungua sanduku kinyume cha ratiba. Siwezi kudai nilikuwa na hofu. Safu ilikuwa imenyooka mno, na safu iliyonyooka hivyo humtaka mtu ahakikishe. Niliweka jani la robo ya nne katika chupa tatu, la robo ya pili katika chupa tatu, na mzizi wa mstari wa nje katika chupa tatu. Nilizibeba hadi mjini Bwera, nikaziweka juu ya meza ya nyumba niliyopanga. Zilihitaji kukaa hadi kesho yake saa nne.

Ijumaa saa mbili asubuhi Masereka alinigongea. "Njoo uone mzee," alisema. "Watu wanasema ni ile homa inayoua watu ng'ambo, Kongo, wanaogopa kukaribia. Lakini hana joto. Anatembea kama ndege."

Nilimkuta uani. Mama Ithungu alikuwa amemshika kiuno, naye alikuwa anajaribu kuvuka kutoka mlangoni hadi chooni, mita nane. Alikuwa amesimama juu ya vidole. Visigino havikugusa chini. Magoti yalikuwa yamegongana, na kila mguu ulipokuja mbele ulipita mbele ya mwenzake kwa mkwaruzo, kama mkasi. Alikuwa amelala mzima, alisema. Hakuumwa. Aliamka, akashusha miguu kitandani, miguu ikakataa kulala sakafuni.

"Mwambie ishuke," aliniambia. "Wewe umesoma. Mwambie hii miguu ishuke."

Niliweka kiganja juu ya kisigino chake cha kulia nikabonyeza. Kilishuka kidogo, kikatetemeka kwa mpigo wa haraka, sawasawa, kama cherehani, na nilipoachia kilipanda.

Tulimbeba hospitali kwa pikipiki, katikati yangu na ya Masereka. Langoni walimpima joto usoni kwa kile kifaa kinachofanana na bastola, wakanawisha mikono yetu, wakatupitisha. Daktari aliyempokea, kijana mmoja aitwaye Benon, alikuwa amefanya kazi ng'ambo ya mpaka. Alimtazama akivuka chumba, hatua nne tu, na hakumuuliza kuhusu homa. Alimuuliza amekula nini.

"Nimeona kijiji kizima kinatembea hivi," aliniambia baadaye ukumbini. "Ukame, muhogo usiolowekwa, hakuna samaki wala maharage. Majani peke yake pengine yasingefika hapa. Unga nao umesaidia."

"Atapona?"

"Haitazidi."

"Nimeuliza kama atapona."

"Na mimi nimekujibu," alisema.

Nilirudi nyumbani saa tano. Karatasi za robo ya pili zilikuwa njano, pembe zake zikiwa zimeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Za mzizi wa mstari wa nje zilikuwa kahawia. Za robo ya nne zilikuwa na rangi ya ini. Nilizilinganisha na kadi ya rangi iliyokuja nazo. Kadi iliishia kabla yake.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilimweleza mama Ithungu. Nilitumia maneno mepesi na sikuruka kitu. Nilisema kuhusu mkasi, kuhusu maji, kuhusu karatasi zilizokuwa sandukuni. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya kinu alichokipindua.

"Panzi alijua," alisema.

"Ndiyo."

"Mbuzi ya Masereka ilijua."

"Ndiyo, mama."

"Mzee alisema iko chungu, nikamcheka." Alitazama mikono yake. "Na wewe, kama ungeonja?"

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. "Kijiko kimoja kingetosha," nilisema. "Ningejua siku ya kwanza."

Hakulia na hakunitukana. Alinyamaza, na alivyonyamaza nilikumbuka kile alichoniambia kuhusu kisu.

Nilimwambia kwamba sasa maji yote ninayobeba yatakwenda jikoni kwake, na nikafanya hivyo, nikawaletea na maharage kutoka Kasese. Jaribio lilikufa kwa sababu hiyo, na Bi Kobusingye alikubali bila maneno mengi. Aliniuliza tu mzee ataandikwa wapi katika ripoti. Tulitafuta. Fomu ilikuwa na nafasi ya uzito wa mizizi, idadi ya majani, wadudu, na maoni. Tulimwandika kwenye maoni.

Mvua ilinyesha Ijumaa ya tarehe 3 Mei na haikuacha kwa siku nne. Jumanne nilipanda mteremko kuondoa kamba. Udongo wa robo ya nne ulikuwa umelainika, na kati ya mistari palikuwa na nyayo. Zilikuwa nusu tu: vidole vitano na ule mto wa nyama wa mbele ya unyayo, kisha hakuna kitu. Hakuna kisigino hata kimoja. Pembeni kila hatua mbili palikuwa na tundu la fimbo. Zilikuja kutoka nyumbani, zikapita mti kwa mti miti yote thelathini na sita, zikasimama mbele ya kila mmoja, zikarudi. Nilizipima. Sentimita kumi na moja kwa tisa. Sikumuuliza mzee alikwenda kutafuta nini.

Juma lililofuata miti ilifunguka. Majani yaliinuka, na robo ya nne ilianza kusikika. Wiki ya tatu nilimkuta nzi mweupe mmoja. Tarehe 30 Mei mbuzi mweupe wa Masereka alivuka pale ilipokuwa kamba, akala, na mama Ithungu hakumfukuza. Alimwangalia hadi jioni, kisha asubuhi yake akaenda kwa Masereka kuuliza kama mbuzi ameamka.

Jumamosi, tarehe 1 Juni, alinituma shambani. "Nenda ukate," alisema. "Robo ya ine. Wewe mwenyewe."

Nilikata kikapu kimoja. Kutoka kwenye mti wa mwisho nilitia jani katika chupa, nikaning'iniza karatasi, nikafunga, nikatia mfukoni. Alitwanga kwa muda mrefu. Alichemsha, akamwaga maji ya kwanza uani, ya kijani, yakaenda hadi kwenye miguu ya kiti cha mzee. Akachemsha tena, akamwaga tena. Kisha akatandika mkeka, akaweka sahani moja, akaketi upande wa pili wake. Mzee Yeseri alikuwa kwenye kiti chake, fimbo mbili magotini, vidole vya miguu vimegusa chini na visigino viko hewani.

Hapakuwa na sahani nyingine.

"Karatasi itajibu kesho, mama," nilisema. "Saa nne."

"Karatasi ijibu kesho," alisema. "Mboga iko moto leo."

"Kaa, daktari," alisema mzee. "Suruali itafuliwa."

Nilikaa. Mbuzi alikuwa amekula na ameamka. Maji yalikuwa yamemwagwa mara mbili. Mvua ilikuwa imenyesha karibu mwezi mzima. Hesabu yote ilikuwa upande wangu, lakini haikuwa na namba ya mwisho, na mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko wenye chupa. Nilichukua tonge la bundu, nikachovya, nikala. Nilitafuta uchungu kwa ulimi, polepole, kila upande wa kinywa. Wote wawili walikuwa wananitazama miguuni.

"Iko namna gani?" aliuliza mama Ithungu.

"Endelea kungoja kidogo," nilisema.

Walingoja. Nilimaliza nusu ya sahani. Kisha nikamsogezea, naye akamlisha mzee kwanza.

Kesho yake karatasi ilikuwa njano. Niliitazama saa nne kamili, kama inavyotakiwa. Lakini kabla yake, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika kadhaa kabla ya kushusha kisigino cha kulia sakafuni, kisha cha kushoto.